Taulo la Wodi ya Wazazi

Hasira ya Adventina Kemilembe inajulikana Rwamishenye nzima, na ni afadhali msomaji naye aijue mapema. Mwenye duka la dawa la pale njia panda humwogopa kuliko anavyomwogopa mkaguzi wa serikali. Adventina akimkuta anamuuzia mtu vidonge viwili vya rangi mbili, viwili tu kama pipi za mtoto, husimama kaunta na kuanza kumhutubia mnunuzi: dawa hii ina siku zake, ukiikatisha katikati unawafundisha wadudu mchezo wako, na kesho hutawaweza. Wateja wengine huondoka kimya kimya. Siku hizi mwenye duka akiona mwavuli mweusi wa Adventina unakuja, hufunga droo kwanza ndipo atoe salamu.

Ana miaka hamsini na saba. Thelathini na mmoja kati ya hiyo ameitumia katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mjini Bukoba, akipokea watoto wa watu. Ni mjane. Mumewe, mwalimu, alimwachia nyumba, migomba ya nyuma na mibuni michache ya mbele, na watoto wawili wanaoishi mbali. Jumapili huimba sauti ya pili katika kwaya ya Walutheri. Wapo wanawake wa Nyanga na Kitendaguro aliowazalisha, kisha akawazalisha na binti zao. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kujiona msafi katika hospitali ile, alikuwa yeye, na taabu yote ilianzia hapo.

Miaka sita iliyopita karatasi za kukaushia mikono ziliisha wodini. Sanduku lake la plastiki likabaki ukutani juu ya sinki, tupu, mpaka mijusi wakahamia. Adventina aliandika barua kwa ofisi ya manunuzi, akaandika ya pili, akaandika ya tatu kwa wino mwekundu. Hakujibiwa hata kwa kutukanwa. Wauguzi wakawa wanajifuta kwenye magauni yao na madaktari kwenye makoti yao, wakitoka kwa mgonjwa huyu kwenda kwa yule. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akaenda sokoni, akanunua taulo jeupe zito, akalipiga pindo kwa uzi wa bluu na kulitarizi kwa herufi kubwa: WODI YA WAZAZI. Akapigilia msumari kando ya sinki, akalitundika. Kila Jumamosi jioni alilibeba nyumbani, akalichemsha kwa sabuni, akalianika, akalipiga pasi, na Jumapili baada ya ibada akalirudisha msumarini.

Watu walimsifu. Dokta Gamaliel, mganga mfawidhi, alisema katika kikao cha wafanyakazi kwamba angepata akina Adventina watano, hospitali ingeng'aa. Alisema hivyo wakati sanduku la karatasi liko tupu nyuma ya ukuta ule ule aliouegemea, na hakuna aliyeona haya. Hata Adventina hakuona. Alipiga makofi pamoja na wenzake, na moyoni alifurahi sana.

Masika yaliyopita aliletwa Alistidia kutoka Muleba, mama wa watoto watatu, uchungu wa mtoto wa nne umekwama. Alipasuliwa, mtoto akatoka mzima. Siku ya tano homa ikampanda mama, kidonda kikavimba, kikafumuka na kutoa usaha. Akachomwa sindano ile ambayo kila mtu huchomwa pale, mwenye kidonda na asiye na kidonda, kama chumvi inavyotiwa katika kila chungu. Haikumsaidia kitu. Wakamwongezea siku za sindano ile ile. Siku ya kumi na mbili alifariki, mtoto akachukuliwa na bibi yake.

Katika faili lake Dokta Gamaliel aliandika mstari mmoja: mgonjwa hakuzingatia usafi wa kidonda. Akamweleza hivyo na mume wa marehemu, koridoni, watu wakipita na ndoo. Mume huyo, Clavery, mkulima mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa amekuja na kamwani, ile kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na kukaushwa, ameifunga kwenye jani la mgomba iwe zawadi kwa wauguzi. Aliposikia kwamba mke wake amekufa kwa uchafu wake mwenyewe, hakubisha. Alimkabidhi Adventina kile kifurushi kwa mikono miwili, akasema kwa heshima, "Kasinge, waitu," kama anayeshukuru, akaenda kutafuta gari la kubebea mwili.

Adventina alitia punje moja mdomoni, ikamshinda kumeza. Alimjua Alistidia kwa siku kumi na mbili. Alikuwa mwanamke wa kuomba maji anawe kabla ya kumshika mtoto, hata dripu ikiwa mkononi. Huyo ndiye aliyeitwa mchafu, na aliyemwita hivyo hakuwahi hata siku moja kumwona akinawa.

Baada yake walifuata wengine watatu: mmoja wa Nyanga, mmoja wa Kitendaguro, mmoja wa Muleba tena. Hawa walipona kwa taabu, na kila faili likapewa mstari ule ule. Dokta Gamaliel aliwaambia wauguzi kwamba akina mama hawa wanakuja na uchafu wao kutoka migombani, na kwamba elimu itolewe. Adventina aliporudi chumba cha chai aliwaambia wenzake, "Nyani haoni kundule." Walicheka. Alirudia msemo huo wiki nzima, kila alipomwona dokta akipita na pete yake nene ya dhahabu, akishika wagonjwa bila kuivua.

Ndipo akaja Joanitha, mwalimu wa shule ya msingi huko huko Muleba, miaka ishirini na sita, uzazi wa kwanza, naye wa kupasuliwa. Siku ya nne Adventina aligusa pembeni mwa kidonda akahisi joto. Alisema asiruhusiwe. Akaambiwa vitanda vimejaa. Joanitha akaenda nyumbani, na siku ya saba akarudishwa akiwa ameshikwa kwapani na mama mkwe wake, Klaudia, kidonda kimefunguka na juu yake umetapakaa unga wa njano.

"Ni nini hiki?" Dokta Gamaliel aliuliza.

"Rangi mbili, Dokta," Klaudia akasema. "Jana nilipasua vidonge nikamnyunyizia. Ndivyo tunavyofanya kwa kidonda kinacholia."

Dokta akawageukia wauguzi na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Mnaona? Halafu hospitali ndiyo inalaumiwa." Akamwambia Joanitha, mbele ya wodi yote, kwamba mwalimu mzima ameshindwa kujitunza, kwamba huo ni uchafu tu. Akachukua faili aandike.

Klaudia alisikia neno lile likamwingia. Alimchukua mjukuu wake kutoka kifuani kwa mama yake. "Huyu nitamshika mimi," alisema. "Wewe kaa na uchafu wako kwanza." Joanitha aligeukia ukutani, maziwa yakiloanisha gauni.

Adventina aliweka kiganja juu ya faili. "Dokta," alisema, "usiandike."

"Unasemaje, Mama Adventina?"

"Unga umewekwa jana. Joto nililishika mimi siku ya nne, akiwa kitandani kwetu, na nyinyi mkasema aende. Wanawake watano, Dokta. Kila mmoja ana kwao, ana maji yake, ana sabuni yake, ana mama mkwe wake. Mahali pamoja tu ndipo wote wamepita, nako ni humu."

"Kwa hiyo hospitali inaua watu?"

"Sijasema hivyo bado. Nasema usaha uende maabara, ukaoteshwe, tujue ni mdudu gani na anaogopa dawa gani. Tukisema ni uchafu tutamdunga ile ile tuliyomdunga Alistidia, kisha tutamzika."

"Majibu ni siku tatu."

"Na Alistidia ana miezi minne kaburini. Saini, Dokta."

Alisimama mlangoni, na mlango ulikuwa mmoja. Dokta Gamaliel alisaini.

Mtaalamu wa maabara aliitwa Avit, mtu wa kipara na maneno ya taratibu. Siku ya tatu alimwita Adventina, akamwonyesha kisahani cha kioo. Ndani yake vimelea vilikuwa vimeota kama ukungu wa rangi ya siagi, na juu yao vimepangwa viduara saba vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa tofauti. "Hawa ni stafilokokasi," Avit alisema. "Wanaishi kwenye ngozi na puani, kwako na kwangu, bila ugomvi. Wakiingia kwenye kidonda ndipo vita huanza. Dawa inayowaweza huacha uwazi kuizunguka, kwa sababu wanakufa. Sasa hesabu uwazi."

Adventina alihesabu mmoja. Kwenye viduara sita vimelea vilikuwa vimeota mpaka ukingoni, bila hofu. Mojawapo ya vile sita ilikuwa sindano yao ya kila mtu.

"Ile tuliyokuwa tunamdunga?" aliuliza.

"Ilikuwa kazi bure. Wamekutana nayo mara nyingi mno hata wameizoea. Hii moja iliyobaki inaitwa vankomaisini, nasi hatuna. Iko Mwanza."

Dawa ilipakiwa Mwanza siku ile ile, ikafika kwa basi. Siku ya nne ya dawa hiyo homa ya Joanitha ilishuka, usaha ukakauka, naye akaomba uji. Adventina alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na meno. Kila alipopita kitanda kile alimfikiria Alistidia aliyedungwa maji kwa siku saba.

"Huyu mdudu si wa kijijini," Avit alimwambia. "Aliyekomaa namna hii amelelewa mahali penye dawa nyingi. Naomba nipite wodini nichukue sampuli."

"Pita," Adventina akasema. "Mimi mwenyewe nitakuongoza."

Akamwongoza kweli. Alimwonyesha toroli ya vidonda, vyuma vya vitanda, vitasa, bomba. Alimwonyesha simu ya Dokta Gamaliel, kipimo chake cha shingoni, na hasa ile pete. Alitaka iwe pete. Aliomba kimoyomoyo iwe pete, na hilo amelikiri mwenyewe baadaye. Walipomaliza, Avit alikuwa amebakiwa na kijiti kimoja cha pamba. Akatazama huku na huku, akakipitisha kwenye taulo lililokuwa msumarini.

Adventina alicheka. "Hilo ni langu. Nalichemsha kila Jumamosi."

Avit alifunga kichupa chake. "Na mpaka ifike Ijumaa, linakuwa limefuta mikono mingapi?"

Alitaka kumjibu. Akaangalia taulo, unyevu wake wa saa tano asubuhi, herufi za bluu zilizofifia pale ambapo vidole hushika zaidi. Wauguzi saba, madaktari wawili, wanafunzi wa zamu. Wananawa vizuri kabisa kwa sabuni, kama alivyowafundisha, kisha wote wanajifuta mahali pamoja na kwenda kufungua kidonda.

Majibu yalikuja Alhamisi. Pete ya dokta ilikuwa na vijidudu vya kawaida visivyo na neno. Taulo lilikuwa na mdudu yule yule wa Joanitha, na mbele ya viduara vile saba alijibu vile vile: dawa sita alizidharau, moja aliiogopa. Adventina aliisoma ile karatasi mara mbili akiwa amesimama. Nyani haoni kundule, alikuwa amesema, na watu wakacheka. Aliketi kwenye stuli ya maabara akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Dokta Gamaliel alimwita ofisini. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alifunga mlango, akamvutia kiti.

"Mama, lile taulo tulichome leo," alisema kwa upole. "Mambo yaishe. Umebakiza miaka mitatu ustaafu. Kwa nini uchafue jina lako?"

"Na mafaili?"

"Mafaili yabaki yalivyo. Nani anayasoma?"

"Yanasema wale akina mama walikuwa wachafu."

"Mama Adventina, nakusaidia wewe."

Hapo ndipo aibu yake ilipokutana na hasira yake ya zamani, na hasira ikashika usukani. Alielewa anapewa nini. Anapewa jina lake jeupe, lipigwe pasi, na bei yake ni majina ya wanawake watano, mmoja wao hana tena mdomo wa kujitetea. Wala hakuwa tayari kuubeba mzigo wote peke yake, kwa sababu taulo lile halikujileta lenyewe. Lilitundikwa pale kwa sababu sanduku la juu yake lilikuwa tupu, na barua tatu zilikuwa zimelala katika ofisi ya jengo hili hili.

"Taulo ni langu," alisema. "Nitalisema. Lakini sanduku ni lenu, na sindano ya kila mtu ni yenu, na ule mstari umeuandika kwa mkono wako. Nitayasema yote matatu, wewe ukiwapo."

Kesho yake, kwenye kikao cha asubuhi, alisimama. Alilishika taulo likiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa maabara, herufi zikionekana, akaeleza bila kulia. Wenzake wengine walitazama chini. Mmoja alinong'ona kwamba mama huyu sasa amechanganyikiwa. Dokta Gamaliel alisema suala hilo litaundiwa kamati. Adventina akasema kamati iundwe, akaenda masjala, akayaomba mafaili matano, na chini ya kila mstari wa dokta akaandika wake: maambukizi haya yalipatikana wodini. Akatia saini na tarehe. Siku nne baadaye sanduku la ukutani lilijazwa karatasi mpaka juu. Karatasi zilizokosekana miaka sita zilipatikana kwa siku nne, na mtu akisoma hapa asikasirike, basi hasira yake anaiwekea nini?

Adventina alimweleza Joanitha yote pale kitandani, na Klaudia akiwapo. Klaudia alisikiliza mpaka mwisho, mtoto mapajani. "Kwa hiyo ule unga wangu?" aliuliza.

"Unga wako haukusaidia, na usirudie tena. Lakini si wewe, na si mkweo. Ni sisi."

Klaudia aliinuka, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akawafunika wote wawili kwa kanga yake. Joanitha alimtazama Adventina kwa macho makavu, akauliza, "Utayasema haya na shuleni kwangu? Huko nako habari imefika." Adventina aliahidi, na aliandika barua kwa mwalimu mkuu jioni ile ile.

Jumamosi, siku yake ya kuchemsha taulo, alikwenda Muleba. Clavery alimkuta amesimama kwenye mwanzo wa kibanja, kwenye njia ya migomba, mwavuli umekunjwa. Alimkaribisha ndani, nyasi zimetandikwa sakafuni vizuri, akaleta kamwani kwenye kikapu kidogo kama desturi inavyotaka mgeni akifika. Adventina aliomba maji kwanza. Alinawa, na Clavery alipomnyooshea kitambaa alikikataa, akaikung'uta mikono yake mpaka ikakauka yenyewe.

Kisha akasema yote. Taulo, sanduku, sindano, mstari.

"Mlisema alikuwa mchafu," Clavery alisema.

"Tulisema. Tulidanganya bila kujua, na hatukujua kwa sababu hatukutaka kutafuta. Mkeo alikuwa msafi, Clavery. Uchafu ulikuwa wetu, na taulo lilikuwa langu."

Clavery alisogeza kikapu cha kamwani pembeni. "Mama yangu alisema watoto wasibaki na kitu chochote cha mama yao," alisema. "Nilichoma nguo zake zote. Nilichoma godoro. Binti yangu mkubwa aliomba abaki na kanga moja tu. Nilimkatalia, nikaitupa motoni akiwa anaangalia."

"Nisamehe," Adventina akasema.

"Sikusamehe leo, mama. Bado." Hakuinua sauti. "Neno lenu lile lilitoka hospitali likafika hapa kabla ya jeneza. Kuna nyumba kumi na moja zilikataa kuosha mwili wa mke wangu. Nazijua zote. Uliyasema mjini, sasa njoo uyaseme huku."

Adventina aliuacha mwavuli wake pale pale mlangoni, akamfuata. Walipita katikati ya migomba mpaka nyumba ya kwanza, ambayo ilikuwa ya mama yake Clavery. Bibi kizee alikuwa uani akimenya ndizi, na mtoto mdogo wa Alistidia amelala mgongoni mwake. Adventina alipiga magoti kwenye majani ya ndizi, akasalimu, akangoja aitikiwe.

"Mimi ni muuguzi kutoka Bukoba," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya Alistidia. Alikuwa msafi."

Zilibaki nyumba kumi.